Kartoni ya Zambarau

Kuna watoto hapa Kapata, mtaa wa mgodi wa Kolwezi, wakiniona tu njiani wanaanza kulia. Sijawagusa, sijawasemesha, nimebeba zangu matembele natoka sokoni, na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake ananikunjia uso na kupiga yowe kama nimemkanyaga. Zamani nilikuwa nacheka. Hata wachimbaji, vijana wa mikono migumu wanaoshuka mashimoni kila siku kutafuta shaba na kobalti, wakipishana nami wanashika paja na kusema, "Mama Shindano, leo hapana, unisamehe!" Nami nawajibu, "Leta hiyo paja, bado naijua!" Tunacheka, kila mtu anaendelea na njia yake.

Mimi ni munganga wa chanjo. Huku kwetu munganga ni yeyote avaaye koti jeupe, awe daktari, awe muuguzi, na sindano tunaiita shindano. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka ishirini na minne kazi yangu imekuwa mapaja ya watoto wachanga.

Kituo chetu kiko katikati ya nyumba za kampuni, zile safu zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi enzi za baba yangu. Baba alitoka kaskazini ya Katanga, akapewa nyumba ya vyumba viwili, na humo nikazaliwa. Sisi watu wa Kapata tulilelewa na king'ora. Kililia tuamke, kikalia baba zetu waingie kazini, kikalia watoke. King'ora kimenyamaza siku nyingi, lakini mstari umebaki. Hapa hata mazishini watu wanajipanga mstari bila kuambiwa.

Kwa hiyo Jumatano, siku ya kilo, yaani siku ya kupima watoto uzito na kuwachanja, mambo yalikwenda kikampuni. Mtoto anavalishwa ile suruali ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mizani ya darini, anapiga mateke, anaandikwa. Kisha mama anaingia kwangu. Analaza mtoto kwenye meza ya chuma, anashika magoti, anageuza uso. Mimi nachoma paja la kushoto, nachoma la kulia, natia matone mdomoni. "Aksanti mama. Mwingine!" Mama anafunga kitenge chake akiwa tayari nje. Nilikuwa na mwendo! Mstari ambao wenzangu wangeukokota mpaka mchana, mimi niliumaliza kabla chai yangu haijapoa. Nilijisifu kwa hilo, na wakubwa walinisifu.

Na ukutani, juu ya meza, palikuwa na kartoni. Niliiandika mimi. Wiki yangu ya kwanza kazini, mkuu wetu wa wakati ule, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikuta nimemwacha mama mmoja ananyonyesha huku natayarisha dawa. Akasema, "Humu ndani hakuna kunyonyesha, mama. Banyonyeshe inje." Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nilikuwa mgeni kazini, na tena binti wa kampuni: mkubwa akisema, unaandika. Nikakata kipande cha kartoni ya sabuni, nikachovya kijiti chenye pamba ndani ya ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA NDANI HAKUNA KUNYONYESHA.

Dawa ile inafifia kwa mwanga. Kila ilipofifia nilirudia herufi, na kartoni ilipoozeshwa na mvua ya dirishani nilikata nyingine. Akina mama walipouliza sababu, nilikuwa na jibu: mtoto akichomwa huku ana ziwa mdomoni atashtuka, maziwa yatamwingia mapafuni. Jibu hilo nililitunga mwenyewe. Nilidhani kila sheria ina sababu yake, na hii sikuijua, basi nikaipa. Baada ya miaka michache nikaiamini kabisa, hata ningekula kiapo.

Sasa nieleze habari za binti yangu.

Ni mtoto wangu wa pekee. Ana maneno machache na kichwa kigumu, na watu wanasema kichwa amenirithi. Tangu apate akili hajawahi kukubali sindano ya mkono wangu. Malaria ilipomshika akiwa na miaka saba, alijifungia chooni mpaka mwenzangu alipoitwa kuja kumchoma. Alipopata mimba, sindano za pepopunda alikwenda kuchomwa mjini, nusu saa kwa pikipiki, wakati kituo changu kiko safu nne tu kutoka mlangoni kwake. Sindano ya mwisho hata mjini hakwenda kuchomwa. Niliita hiyo jeuri. Nilitaka kumwita mumewe nimwambie azungumze naye, nikasahau kwamba mumewe na mimi hatuwezi kuzungumza.

Maana mkwe wangu ni kijana wa Sandoa, mchimbaji, mtu wa adabu, na sisi sote tunafuata bukwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawaangaliani usoni, hawali pamoja. Nikimwona anakuja njiani, mmoja wetu anakata kona. Siku moja tulikutana ghafla dukani, akageukia ukuta akasoma bei ya chumvi mpaka nilipotoka. Nampenda yule kijana, na sijui hata rangi ya macho yake.

Wakazaa mvulana. Mjukuu wangu wa kwanza! Alikuwa na mashavu ya kujaza mikono miwili, na alipokuwa ananyonya alikuwa anaguna peke yake, mm, mm, mm, kama mzee anayekubaliana na hotuba. Wiki sita zilipotimia binti yangu akamleta kwangu, kwa kuwa mtoto mchanga hapakiwi pikipiki mpaka mjini. Alisimama mstarini kama wengine. Nilijivuna kumwona pale.

Alipoingia mtoto alikuwa anasinzia. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, acha nimunyonyeshe kidogo kwanza. Analala."

Mbele ya wanawake wote, mimi mama yake nikanyoosha kidole kuelekea ukutani. "Haujue kusoma? Niliuzaga mihogo bure juu ya kukulipia masomo?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Akamlaza mtoto juu ya chuma. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, wakati baridi ya Kolwezi inauma mifupa, na mtoto alishtuka kwa ubaridi wa meza kabla hata sijamgusa. Nikachoma kushoto, nikachoma kulia. Akalia, akalia, halafu sauti ikakatika. Mdomo wazi, hakuna kitu kinachotoka. Midomo ikawa myeusi. Nimeona hivyo mara nyingi. Kilio kinamshika mtoto, unampulizia usoni, pumzi inarudi. Nikapuliza, ikarudi. Lakini binti yangu hakuwa ameona mara nyingi. Alikuwa ameona mara moja, na ilikuwa kwa mtoto wake.

Alimbeba akamkumbatia. Kitenge chake kifuani kilikuwa kimelowa maziwa, yanatiririka tu yenyewe. Akaniangalia, akasema, "Haukumuangalia ata mu uso." Akatoka.

Nilisema, "Mwingine!"

Wiki ya kumi ikafika, hakuja. Wiki ya kumi na moja, hakuja. Nikapiga simu, haishikwi. Kwa mtoto mwingine ningeandika "hakurudi" kwenye daftari, nikamtuma mtu wa mtaa akamfuate, basi. Lakini mwezi ule, safu ya sita, kulikuwa na mtoto ameshikwa na kifaduro, kile kikohozi kinachomkaba mtoto mpaka anakosa hewa, halafu anavuta pumzi kwa mlio kama jogoo. Mwaka wangu wa pili kazini nilimshika mtoto wa namna hiyo mikononi, na siku hiyo sitaki kuisimulia. Sindano moja peke yake haimkingi mtu vya kutosha, zinatakiwa tatu. Kati ya safu ya sita na safu ya binti yangu kuna bomba moja la maji, na wanawake wote wanachota hapo na watoto mgongoni. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwake. Mkwe alikuwa nyumbani, viatu vyake vya kazi viko mlangoni, kwa hiyo nisingeweza kuingia. Nikasimama nje ya uzio wa mabati, na mimi nikisimama nje ya uzio siwezi kusema taratibu.

"We! Unataka mutoto afe juu ya kiburi yako?"

Binti yangu akatoka, mtoto mgongoni. Akaja mpaka kwenye mabati. "Mama, sikatale shindano," akasema. "Nakatala ile meza."

"Meza! Unataka nimuchome wapi, mu hewa? Batoto yote ya Kapata balilala pale. Na weye ulilala pale. Ulikufa?"

"Sikukufa, mama," akasema, na akarudi ndani.

Kutoka ndani ya nyumba mkwe wangu akakohoa mara mbili, kikohozi cha heshima, kunijulisha kwamba hajasikia kitu. Majirani wote walikuwa wamesikia. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira mpaka miguu ilikuwa inapiga chini yenyewe. Ile "nakatala ile meza" iliniingia sikio hili ikatokea lile.

Jumatano iliyofuata mstari ulikuwa mrefu. Katikati yake aliingia mama mmoja wa Fungurume, muuza kitoyo, yule samaki mkavu wa chumvi, mwanamke mwenye mwili na sauti ya soko. Alikuwa amekuja Kapata kwa dada yake, na kadi ya mtoto ilionyesha siku yake imefika. Hakusogelea meza kabisa. Alikuta kiti changu, kile ninachokalia nikiandika, akakaa, akafungua nguo, akampa mtoto ziwa.

"Mama," nikasema, "weka mutoto ku meza."

"Choma hapa."

"Soma kartoni."

"Mi sijue kusoma," akasema, na hakuona haya hata kidogo. "Inasema nini?"

"Inasema hakuna kunyonyesha."

"Aa! Na ni nani aliandika ile, ni mwanaume?"

Nje wakasikia, wakaanza kucheka. Damu ilinipanda. Nikamweleza mambo ya mapafu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema watoto wake wanne wote walichomwa kwenye ziwa, huko kwao, na mkubwa sasa anamshinda mbio. "Na mi naondoka na gari ya saa tano. Utachoma, ao niende?"

Nikatazama mstari. Nikasema moyoni, bon, haya basi, mtoto akipaliwa, mashahidi ni hawa. Nikapiga goti moja sakafuni, kwa kuwa paja lilikuwa chini, na sikumbuki kama niliwahi kupiga goti katika chumba kile. Paja lilikuwa la joto na legelege. Nilizoea mapaja ya mezani, yale yaliyokakamaa kabla ya sindano. Nikachoma.

Mtoto akaacha kunyonya. Akafungua macho makubwa, akanitazama, ziwa bado mdomoni, akatoa mlio mmoja wa kulalamika. Mama yake akambembeleza, "Njo vile, baba, njo vile, imeisha." Akaendelea kunyonya. Nikachoma paja la pili. Hapo akalia kweli, akaliachia ziwa, akapiga mateke, na kabla sijaweka sindano kwenye sanduku la takataka alikuwa amelitafuta tena na kulishika. Hakupaliwa. Nilimchungulia mpaka gari lake lilipoondoka, nikitafuta kikohozi, na sikukiona.

"Ni nani alikufundisha hivi?" nilimuuliza akifunga kitenge.

Akanishangaa. "Mama, weye bakikuumiza, haumutafute mama yako?"

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuuliza baada ya miaka ishirini na minne kunahitaji moyo. Ilinichukua siku tatu. Jumamosi nikaenda kwa yule mkuu wetu wa zamani. Siku hizi amestaafu, anaishi safu ya kwanza, na miwani bado ina uzi. Nilimkuta anamwagilia bustani yake kwa kopo. Nikampa salamu, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango, nikamwita tata, yaani baba, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Tata, ile sheria ya kunyonyesha mu chumba ya shindano, ilitoka wapi?"

"Sheria gani?"

Nikamkumbusha. Akaweka kopo chini, akafikiri, na uso ukamfunguka. "Ah, ile! Ile ilikuwa ya matone. Matone ya kinywa. Zamani balifikiria maziwa ya mama inaharibu dawa ya matone, njo tukasema bangojee kidogo. Kisha wakubwa balituma barua, haina neno, banyonyeshe tu. Nilibatangazia wote."

"Mi haukunitangazia."

"Ulikuwa umezaa," akasema. "Ulikuwa ku nyumba, na ule binti yako, mudogo sana. Mwezi moja kisha bakanipeleka mjini. Sasa ile kartoni, mpaka leo iko?"

Nikasema iko.

"Na shindano iliingia wapi? Shindano haikukuwaka mu ile maneno, ata siku moja."

Nikamuuliza, wenzangu wote walisikia tangazo, niliporudi kazini wakaniona narudia herufi, mbona hakuna aliyefungua mdomo? Mzee akaokota kopo lake. Aliona haya kunijibu, lakini alinijibu.

"Mama, ni nani angekuambia? Weye ulikuwaka mukali. Balifikiria una sababu yako."

Nilirudi kwa njia ndefu, inayozunguka nyuma ya shule, ili nisikutane na mtu. Nilihesabu kwa kichwa. Nilikuwa nimezaa. Binti yangu alikuwa mdogo sana. Na alipofikisha wiki sita, nilikuwa nimerudi kazini, nikamlaza mwenyewe kwenye ile meza, chini ya kartoni yangu mwenyewe. Hiyo siku naikumbuka vizuri, kwa kuwa nilipata shida ya koti. Alipoanza kulia, maziwa yalinitoka yakapenya blauzi, yakapenya koti jeupe, madoa mawili makubwa, na nilikuwa na aibu mbele ya wenzangu. Nikajifunika kwa daftari. Mwili wangu ulikuwa unajua dawa ya kilio kile, nami niliuficha kwa daftari! Nilimchoma haraka na vizuri, nikampa jirani ampeleke nyumbani, nikaita mwingine. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nimeyasema hayo mimi kwa wanawake wengi wanaojifungua, nikiwapigapiga mgongo. Njiani siku ile nililia, mtu mzima na mfuko wa mboga aliopewa na mzee, nikilia kama wale watoto wanaoniona barabarani.

Jumatatu niliitoa kartoni. Ukuta nyuma yake ulikuwa na mraba mweupe ambao mpaka leo haujalingana na rangi nyingine. Nikaleta kiti cha nyumbani, kile chenye mikono, nikakiweka mbali na meza. Jumatano niliwaambia wanawake wakiwa bado kwenye mizani: sasa tunaanza na matone, halafu mama anakaa, anampa mtoto ziwa, anasubiri mpaka ashike vizuri na alegee, ndipo munganga anakuja kwake. Ile sindano inayowasha zaidi nitaichoma mwisho. Asiyenyonya atamshika wima kifuani, amsemeshe. Bibi mmoja akasema, "Leo Mama Shindano anagonjwa." Wengine waliendelea kwenda mezani kwa mazoea na ilibidi niwashike mkono niwarudishe. Nilichelewa. Chai yangu ilipoa, na mstari ulikwisha saa saba. Watoto walilia, tusidanganyane, sindano ni sindano. Lakini kilio kilikuwa kinaanza na kuisha, na hakuna aliyekatika pumzi. Na mimi nilikuwa nimepiga goti, kwa hiyo nilikuwa nawaona usoni, mmoja mmoja.

Binti yangu sikumwambia kitu. Nilikuwa na haya, na tena nilijua Kapata: ukinunua sufuria mpya safu ya tatu, safu ya tisa wanajua mfuniko wake. Jumatano ya pili hakuja. Mtoto wa safu ya sita alikuwa bado anakohoa, anaendelea kutibiwa. Kila usiku nilikuwa nasali rozari moja kwa ajili ya yule na moja kwa ajili ya wangu.

Jumatano ya tatu, mstari umekwisha, nafunga sanduku la barafu la dawa, nikasikia pikipiki. Kupitia dirishani nikamwona mkwe wangu anasimamisha, anashusha mke na mtoto, kisha haraka anageuka na kuangalia barabara, mgongo kwangu, kama askari wa lindo. Binti yangu akaingia. Akatazama meza. Akatazama ukuta, ule mraba mweupe. Akatazama kiti, akakitambua, ni kiti alichojifunzia kusimama.

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli. Kaa."

"Akikatika pumzi, namutoa, na sirudi tena."

"Sawa."

Nilitia matone kwanza. Akakaa, akamfungulia. Mvulana wangu, sasa mzito, akashika ziwa na kuanza mambo yake, mm, mm, mm. Nilingoja. Mimi ambaye sijui kungoja, nilikaa nimepiga goti mpaka vidole vyake vya mguu vikafunguka. Nikachoma. Mguno ukakatika. Akaniangalia. Nikamwangalia na mimi, nikamwambia, "Njo vile, tata yangu, ni bibi." Kidevu kikatetemeka, akatoa kilio kifupi, mama yake akamvuta karibu, na mguno ukarudi. Sindano ya pili alilia zaidi, akapata na machozi, lakini pumzi haikukatika. Dakika chache baadaye alikuwa amelala, tone la maziwa pembeni ya mdomo.

Niliandika kadi ya mtoto. Chini yake kulikuwa na kadi ya binti yangu mwenyewe, na ile nafasi ya pepopunda ilikuwa bado wazi. Nikaiona, nikaigeuza upande wa pili, nisiharibu siku.

"Nimekuona unaificha," akasema. "Choma."

"Unaweza kwenda mjini."

"Choma, mama."

Nikamwambia kwanza, kwa sababu sikutaka achomwe na mtu asiyemjua. Nikamwambia habari ya kartoni, ya matone, ya barua, na ya siku yake ya wiki sita: meza ilikuwa hii, mkono ulikuwa huu, maziwa yalitoka na nikayafunika kwa daftari. Nikamwambia, "Nilikosea. Unisamehe." Sijui kama niliwahi kumwambia mtu wa nyumbani kwangu neno hilo.

Alisikiliza akiangalia kichwa cha mtoto. Halafu akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani. Nikavuta dawa, nikapangusa ngozi kwa pamba, na nikaona vinyweleo vyake vyote vimesimama, mwanamke mzima, mama wa mtu.

"Ngoja," akasema. "Nishike kwanza."

Nikaweka sindano kwenye sinia. Nikamshika, mtoto katikati yetu amelala, kichwa chake kizito kwenye bega la koti langu. Nje mkwe wangu, bado ametupa mgongo, aliiuliza barabara kama tumemaliza. Tulikaa hivyo mpaka nilipohisi bega lake limelegea mkononi mwangu.

"Bon," akasema. "Sasa choma."

Nikachoma.